Kabla ya Neno la Kwanza: Fundi wa Miksi Ndani ya Thriller

Bruce Swedien, fundi mitambo aliyerekodi na kuchanganya sauti za albamu ya Thriller ya Michael Jackson, alisimulia mara nyingi kwamba wimbo wa "Billie Jean" ulifanyiwa miksi 91. Kila ilipodhaniwa kazi imekwisha, kulikuwa na kitu kidogo cha kupandisha au kushusha, na miksi nyingine ikazaliwa. Mwishowe prodyuza Quincy Jones akaomba wasikilize tena miksi ya pili. Wakaisikiliza, wakakubaliana kwamba ndiyo yenyewe, na ndiyo iliyoingia kwenye santuri mwaka 1982. Kisa hiki kinaweza kusomwa kama ushahidi kwamba fundi wa miksi hana uzito: ikiwa jaribio la pili liliyashinda yote 89 yaliyofuata, basi kazi ile ilikuwa kuzungusha vitufe tu, na wimbo mzuri ungejisimamia wenyewe. Nakisoma kinyume kabisa. Miksi ya pili ilishinda kwa sababu sehemu kubwa ya kuchanganya ilikuwa imeshafanyika kabla ya siku ya miksi, katika jinsi kila sauti ilivyopewa umbo na mahali pake tangu iliporekodiwa. Fundi anayefanya kazi ya namna hiyo ni mmoja wa waundaji wa albamu, na ndivyo anavyopaswa kuhesabiwa.

Wengi hudhani kuchanganya ni kupandisha mwimbaji na kushusha ala mpaka vyote visikike sawasawa. Kusikika sawasawa ndilo kosa la kwanza. Albamu ya pop ya miaka ile ilirekodiwa vipande vipande: siku hii dramu, siku nyingine besi, baadaye vinanda, kisha mwimbaji, kisha viitikio, kila kimoja kwenye treki yake ndani ya kanda. Kurekodi kukiisha, fundi anabaki na makumi ya treki, na zote hizo lazima zipite katika njia mbili tu, ya kushoto na ya kulia. Hapo ndipo sauti zinapogombana. Dramu ya mguu na gitaa la besi zote hukaa chini, na zikiachwa hivi hivi humezana, mdundo ukawa uji. Mwimbaji naye hugombea eneo la katikati na gitaa na vinanda, eneo lile lile ambamo matamshi ya maneno husikika. Fundi ana njia chache za kuamua ugomvi huo: ukubwa wa sauti, upande itakakotokea, kiasi cha mwangwi, kupunguza sehemu ya chini au ya juu ya sauti fulani ili impishe mwenzake, na kunyamazisha kabisa kisichohitajika. Njia hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu kila treki ina mwenyewe aliyeihangaikia.

Sasa tusikilize "Billie Jean" kwa masikio hayo. Wimbo unaanza kwa dramu peke yake. Kisha inaingia besi ya Louis Johnson, ikiandamana na sinthesaiza, na karibu nusu dakika inapita kabla Jackson hajatamka neno la kwanza. Jones aliona utangulizi ule ni mrefu mno akataka ukatwe. Jackson akakataa, akisema ndio unaomfanya atake kucheza. Jones alikuwa na hoja, maana nusu dakika bila mwimbaji ni hatari kwa wimbo wa redio. Kilichoiokoa ni kwamba dramu ile ina sura yake. Swedien aliambiwa atafute sauti ambayo mtu angeitambua baada ya mapigo machache tu, naye hakuanza kwenye mikseri. Alitengenezesha jukwaa la mbao la kuwekea dramu, ili zisitetemeshe sakafu na kuingia kwenye maikrofoni za vitu vingine. Akaifunika dramu ya mguu kwa gamba la kitambaa lenye zipu, maikrofoni ikapenya humo ndani. Akaweka ubao kati ya dramu ndogo na matoazi ya kukanyagia, sauti za viwili hivyo zisivujiane. Mpigaji alikuwa Leon Chancler, mwanamuziki wa Marekani ambaye ulimwengu wa jazi ulimjua kwa jina la Ndugu, na alipiga juu ya mdundo wa mashine. Matokeo yake ni kwamba kila pigo limesimama peke yake, kavu, karibu na sikio, na kimya kilicho kati ya pigo na pigo kinasikika nacho. Ndani ya kimya hicho ndimo besi ilimopata nafasi. Hakuna fundi ambaye angeweza kukirudisha kimya hicho siku ya miksi kama dramu zingekuwa zimerekodiwa zikivujiana.

Kwenye sauti ya Jackson, Swedien alifanya jambo la busara ile ile. Alitumia maikrofoni ya Shure SM7, ambayo haikuwa ya bei kubwa wala ya fahari, kwa sababu ilifaa koo lile. Kwa baadhi ya viitikio alimwimbisha kupitia bomba refu la kadibodi, sauti ikatoka na rangi ambayo kifaa cha umeme kingeiigiza kwa shida. Mbinu iliyozaa matunda zaidi ni ya umbali: Jackson aliimba kiitikio akiwa karibu na maikrofoni, kisha akarudia sehemu ile ile akiwa amerudi nyuma hatua chache, na Swedien akaipandisha treki ile ya pili ili ilingane na ya kwanza kwa ukubwa. Pamoja na sauti iliingia sasa na chumba, ile miale ya sauti inayogonga ukuta na kurudi upesi. Treki hizo zikikaa pamoja, msikilizaji anahisi kina, kana kwamba waitikiaji wamesimama kwa safu, wengine mbele wengine nyuma, ingawa ni koo moja. Msikilizaji wa Kiswahili anaweza kuupima ustadi huu katika albamu iliyofuata, Bad ya mwaka 1987, ambayo pia ni kazi ya Swedien. Wimbo wa "Liberian Girl" unafunguliwa na Letta Mbulu, mwimbaji wa Afrika Kusini, akisema maneno machache ya Kiswahili. Hayakupazwa, wala hayakuzamishwa kwenye mwangwi mpaka yakapotea; yamewekwa karibu, kama ya mtu anayemwambia mwenzake jambo la siri, na kila silabi inashikika. Kwa maneno ambayo wanunuzi wengi wa albamu ile hawakuyaelewa, kuyaheshimu hivyo kulikuwa ni uamuzi.

Mazungumzo kuhusu miksi hukawia kwenye mashine, nami sitaki kukawia huko, ila moja haipitiki. Kanda ya sumaku huchakaa kila inapopita kwenye kichwa cha mashine, na kinachotangulia kufa ni ile ncha kali ya mwanzo wa pigo, ambayo ndiyo uhai wa dramu. Albamu iliyorekodiwa kwa miezi hupitisha kanda zake mara nyingi sana. Swedien aliziweka kando kanda za mwanzo za mdundo, akafanyia kazi kanda nyingine zenye nakala iliyofupishwa, na ilipofika siku ya miksi akaziunganisha zote kwa mashine mbili za treki 24 zilizoendeshwa pamoja kwa alama za muda. Mfumo huo aliuita Acusonic. Sambamba na hilo alijizuia sana kutumia kompresa, kifaa kinachobana tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, kwa sababu nacho huzivunja ncha zile zile. Hii ni falsafa nzima ya usikilizaji: aliamini nguvu ya wimbo inatoka kwenye tofauti kati ya kelele na kimya. Albamu nyingi za pop zilizokuja baadaye, zilizobanwa ili kila sekunde ipige kelele kwa kiwango kimoja, huchosha sikio mapema, na naamini hiyo ni sababu mojawapo ya Thriller kuvumilika ikirudiwa.

Halafu ukaja mtihani wa albamu nzima. Kazi ilipopelekwa kukatwa kwenye santuri, kila upande ulikuwa umezidi muda unaofaa. Santuri ina nafasi maalumu. Muziki ukizidi, mifereji inasogezwa karibu, na ili isigongane lazima sauti ipunguzwe na besi inyimwe upana. Waliposikiliza matokeo waliona wazi kwamba kazi ya miezi imekuwa nyembamba. Jackson alilia. Kampuni ilikuwa inasubiri albamu, lakini walikataa kuitoa. Wakapumzika siku chache, wakafupisha nyimbo, kikiwemo kipande cha "The Lady in My Life", kisha wakarudi kuchanganya upya, wimbo mmoja kwa siku. Tukio hili linathibitisha hoja yangu kuliko ile hesabu ya miksi 91. Nyimbo zilikuwa zile zile, mwimbaji yule yule, ala zile zile. Palipokosekana uwiano kati ya sauti na chombo cha kuibeba, waliokuwa mle chumbani hawakuitambua albamu yao.

Kuna pingamizi la haki hapa: mengi niliyoyataja ni kurekodi, na Swedien alizivaa kofia zote mbili, kwa hiyo sifa za mrekodi zimehamishiwa kwa mchanganyaji. Leo kazi hizo zimetengana. Serban Ghenea, aliyechanganya albamu iitwayo 1989 ya Taylor Swift, ni wa kizazi cha mafundi ambao hupokea mafaili yaliyorekodiwa na wengine. Basi tuchukue mfano ambamo mchanganyaji alifika mwishoni kabisa. Mwaka 1991 Butch Vig alirekodi albamu ya Nevermind ya bendi ya Nirvana katika studio ya Sound City, Los Angeles, akaanza kuichanganya mwenyewe. Matokeo hayakuridhisha, akaitwa Andy Wallace, ambaye hakuwa amerekodi hata pigo moja. Wallace alizipa dramu ukubwa na mwangwi wenye mipaka, akalitenga gitaa na sauti ya mwimbaji Kurt Cobain ili vyote viwili vibaki vikali bila kubanana. Kwa bahati nzuri miksi za Vig zilitolewa rasmi mwaka 2011, kwa hiyo hatuhitaji kubuni: kanda ni zile zile, na albamu ni mbili. Ya Vig inasikika kama bendi ndani ya chumba. Ya Wallace inasikika kama bendi ndani ya redio ya kila gari la Marekani. Cobain mwenyewe alilalamika baadaye kwamba imesafishwa kupita kiasi, na lalamiko lake ni ushahidi mzuri: hakuna anayelalamikia kitu kisichobadilisha chochote. Januari 1992 Nevermind iliing'oa kileleni mwa chati ya Marekani albamu ya Dangerous ya Jackson, ambayo Swedien alikuwa miongoni mwa wachanganyaji wake.

Pingamizi la pili ni kwamba yote haya hayana maana bila wimbo, na hilo nalikubali bila masharti. Ushahidi umo ndani ya Thriller yenyewe. "The Girl Is Mine" ulipita kwenye mikono ile ile, ukaimbwa na Jackson na Paul McCartney, sauti zimepangwa kwa usafi usio na dosari, na bado ni wimbo dhaifu kuliko wenzake. Miksi haiumbi wimbo. Inachoweza ni kuamua msikilizaji akutane na nini kwanza, apumzike wapi, na lini ashtuke. Mtunzi wa "Billie Jean" ni Michael Jackson, na hakuna fundi wa kumnyang'anya hilo. Lakini ile nusu dakika ya mwanzo, ambayo watu huitambua kabla ya neno la kwanza, haiwezi kuelezwa kwa kumtaja mtunzi peke yake. Hata uteuzi wa miksi ya pili unaonyesha jinsi kazi ilivyogawanyika: Swedien aliijenga, Jackson aliihangaikia, Jones akawa na sikio la kukumbuka kilichokuwa kimepotea njiani.

Tasnia ilichelewa kulikiri hili. Mwaka 1984 tuzo ya Grammy ya albamu ya mwaka ilikwenda kwa Jackson na Jones, na Swedien akapewa yake ya ufundi wa kurekodi, ya kwanza kati ya tano alizotwaa kabla ya kufariki mwaka 2020. Ni miaka mingi baadaye ndipo wachanganyaji walipoanza kujumuishwa katika tuzo ya albamu ya mwaka. Wapo wanaohofia kwamba tukianza kumhesabu fundi wa miksi tutalazimika kumhesabu kila aliyepita studio. Hofu hiyo ina jibu rahisi: aondolewe mtu mmoja, kisha tuulize kama albamu ingekuwa ile ile. Kwa Thriller jibu tumeliona katika santuri iliyokataliwa, na kwa Nevermind tunaweza kulisikiliza. Kwa hiyo ombi langu kwa wanaotoa albamu, wa Dar es Salaam na Nairobi wakiwemo, ni dogo na halina gharama: jina la aliyefanya miksi liandikwe kwenye kila wimbo, kando ya la prodyuza, hata pale ambapo mtu mmoja amefanya kazi zote mbili.