Pongezi kwa Wafungashaji wa PostgreSQL
Takwimu za vituo vya afya vya Bagamoyo, Mapinga ikiwamo, huingia katika DHIS2, mfumo wa taarifa za afya unaotumika Tanzania nzima, ambao huhifadhi data zake katika PostgreSQL, yaani hifadhidata ya majedwali yanayohusiana, ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Toleo kuu jipya la PostgreSQL hutoka takriban kila mwaka, na kwa kuwa haliwezi kusoma moja kwa moja faili za toleo lililotangulia, wafungashaji wa mfumo endeshi wa Debian, ambao huiandaa programu iwe tayari kusakinishwa, wameruhusu matoleo mawili yakae pamoja katika seva moja hadi data zihamishwe kwa amri ya pg_upgradecluster. Uamuzi huo, usiosifiwa vya kutosha, humwachia msimamizi njia ya kurudi, kwani kwa kawaida data za awali hubaki mpaka yeye mwenyewe azifute.