Mkono wa Rubani

Kwa wiki nzima mdogo wangu alirusha ndege kwa mkono wa kulia na hakusema neno.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Mshangano kumalizia sura ya pili ya tasnifu yangu. Joistiki ilinitangulia kwa basi kutoka Dar es Salaam, imeviringishwa ndani ya fulana mbili ili isivunjike. Ni Logitech Extreme 3D Pro, ya mtumba, niliyoilipia shilingi 90,000 Kariakoo baada ya siku kadhaa za kusoma maoni ya wachezaji mtandaoni. Karibu wote walisifu mambo yaleyale: mpini unaozungushwa kuongoza usukani wa mkia, wenzo wa kuongeza na kupunguza nguvu ya injini, vitufe 12, kitako kizito kisichohamahama mezani. Padi ni ya mpira na mashindano ya magari, walisema. Anayetaka kurusha ndege kweli anunue joistiki. Niliamini. Mimi nasoma fasihi. Nimefundishwa kuuliza kila matini imeandikwa kwa ajili ya nani, ila sikumbuki kama niliuliza swali hilo kuhusu kipande kile cha plastiki.

Mdogo wangu ana mashoto.

Bibi alijitahidi kuyatoa. Alikuwa akimfunga mkono wa kushoto kwa ncha ya kanga wakati wa kula, kwa upole, huku akimsimulia hadithi ili asione kama anaadhibiwa. Mwalimu mmoja wa darasa la kwanza hakuwa na hadithi, alikuwa na rula. Kati ya kanga na rula, mtoto akajifunza kuandika, kula na kupokea vitu kwa kulia. Mawe na mpira viliachiwa kushoto, kwa sababu hakuna aliyejali.

Sasa yuko kidato cha pili na anataka kuwa rubani. Ndege ya Air Tanzania ikija kutua Ruhuwiko, ile Dash 8 Q400 ya mapanga mawili, yeye huacha anachofanya na kutoka nje. Ndiyo maana nilimwekea FlightGear kwenye laptopu yangu ya zamani. Ni simyuleta ya bure, haidai kadi ya benki, na ukishaipakua hata bando likiisha unaendelea kuruka. Microsoft Flight Simulator ya 2020 ni nzuri kupita kiasi, lakini inataka kompyuta yenye misuli na inavuta picha za dunia kutoka mtandaoni muda wote unaporuka. Kwa nyumba yetu hiyo ni sawa na kufuga tembo.

Ndege anayofundishiwa kila mtu kwenye FlightGear ni Cessna 172. Tukaanza nayo. Kupaa alipaa. Kutua ndiko kulikoniumiza macho: pua juu, pua chini, pua juu, kisha kishindo. Nikamweleza habari ya mwinuko, kwamba Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, ndege inahitaji njia ndefu zaidi na mkono mtulivu zaidi. Maneno mazuri. Yeye akaitikia, "Sawa, dada," akarudia, akabamiza tena.

Siku ya nane alikuja na padi ya kuazima kutoka banda la gemu la jirani. (Mama alipotusikia tukibishana kuhusu padi aliingia chumbani na uso wa maswali; ilibidi nimwonyeshe kwamba ni ile ya kuchezea mpira.) Ilikuwa padi ya kuhurumiwa, raba ya kijiti kimoja imeliwa na maelfu ya mechi. Akaichomeka, akapanga vitufe, akaruka mzunguko mmoja, akatua. Cessna iligusa lami kama mtu anayeketi mkekani. Akatua tena. Ndipo nilipotazama mikono yake. Dole gumba la kushoto lilikuwa limeshika ndege yote.

Nikairudia joistiki na kuikagua kama ningekagua shairi. Mpini umefinyangwa kwa kiganja cha kulia. Ukiushika kwa kushoto, uvimbe unaangukia pasipo na nyama na dole gumba halijui likae wapi. Vitufe vya kitakoni vimewekwa upande wa kushoto, vikiungoja mkono ambao mtengenezaji ana hakika hauna kazi nyingine. Na mbele ya mpini, chini ya kidole cha shahada, kuna kifyatulio.

Kifyatulio cha nini? Ndege inayokuja Songea hailengi shabaha. Lakini joistiki nyingi za dukani hazikuchorwa kwa kumfikiria rubani wa abiria. Zimeiga ndege za kivita, ambako mkono wa kulia unashika mpini wenye vitufe vya silaha na wa kushoto unashika nguvu ya injini. Katika F-16 ya Wamarekani, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1974, mpini umewekwa kabisa pembeni, kulia. Wanaosifu joistiki kwa "uhalisia" wanasema kweli, ila hawasemi uhalisia wa nani.

Tazama upande wa pili. Kapteni wa ndege ya abiria hukaa kiti cha kushoto. Kwenye Q400 wenzo za injini ziko katikati, kulia kwake, kwa hiyo mkono wa kulia unashughulika nazo na wa kushoto unabaki kwenye usukani. Kwenye Airbus A220, ambazo Air Tanzania inazo tangu mwishoni mwa 2018, hakuna usukani. Kuna mpini mdogo kando ya kila kiti, na wa kapteni uko kushoto kwake. Hata kwenye Cessna 172, anayekaa kiti cha kushoto hushika usukani kwa kushoto na kusukuma nguvu kwa kulia. Anayeongoza kwa mkono wa kulia ni yule wa kiti cha pili. Kwa shilingi 90,000 zangu nilikuwa nimemfanya mdogo wangu rubani msaidizi kwenye ndege isiyo na kapteni.

Na padi, hiyo ya kudharauliwa? Joistiki ya Atari iliyoingia majumbani mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa na kitufe kimoja, pembeni kushoto, ili dole gumba la kushoto libonyeze na mkono wa kulia uongoze. Nintendo wakaja na kitu kingine. Gunpei Yokoi alibuni kile kimsalaba cha kuelekeza mwaka 1982, na mwaka 1983 kikawekwa kwenye padi ya mashine yao ya nyumbani, upande wa kushoto. Tangu hapo watoto wa dunia, wenye mashoto na wasio nayo, wamekuwa wakienda mbele, nyuma na pembeni kwa dole gumba la kushoto, na sijawahi kusikia bibi yeyote akilifunga kanga.

Hapa ningeweza kutangaza padi mshindi, lakini ningekuwa nadanganya. Padi ina kasoro ambazo mtu anayetaka kujifunza urubani atalipia baadaye. Kijiti chake kinasafiri umbali mfupi mno. Kosa la dole gumba la unene wa ukucha ni pua kupanda kuliko ulivyokusudia. Nguvu ya injini huongezwa kwa kubonyeza kitufe, hatua kwa hatua, wakati injini halisi inaongozwa kwa wenzo unaousukuma taratibu na kuuhisi umefika wapi. Upepo wa ubavuni ukivuma, inabidi ulaze bawa upande mmoja na kukanyaga usukani wa mkia upande mwingine, na ushikilie hivyo hadi matairi yaguse. Kwa padi hilo ni kazi ya vidole vinavyotetemeka. Tena vijiti huchakaa. Ile ya kuazima ilikuwa ikivuta kulia yenyewe bila kuguswa, ikabidi tuongeze eneo la katikati ambalo kompyuta hupuuza mwendo mdogo, na kwa kufanya hivyo tukapoteza hata ule usahihi mdogo uliokuwepo.

Kinachohitajika kipo. Thrustmaster T.16000M ina vipande vya mpini unavyoweza kufungua na kubadilisha ili utoshee mkono wowote, na ndani inatumia sensa za sumaku zisizosuguana, kwa hiyo haichakai haraka. Kampuni hiyohiyo ina mpini ulioigwa kwenye ndege za Airbus, nao unageuzwa kushoto. Vyote viwili nimeviona kwenye picha. Kariakoo niliulizia maduka matatu. Kijana mmoja alinijibu kwa adabu kwamba joistiki ni joistiki, dada yangu, za mkono mmoja zinatoka wapi? Kumbe zote alizokuwa nazo zilikuwa za mkono mmoja.

Kwa hiyo ushauri wangu, kwa aliye na mdogo na hela isiyotosha: kabla ya kusoma sifa za vifaa, mtazame mtoto akirusha jiwe. Akiwa wa kulia, joistiki ya mtumba itamfaa, asitishwe na sura yake ya vita. Akiwa na mashoto, mnunulie padi nzima isiyovuta upande, weka akiba, na usimpe joistiki ya mkono wa wengine kwa sababu tu wachezaji wa Ulaya wameipa nyota tano.

Kilichonisumbua zaidi kuliko hela ni zile siku saba. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilidhani ndivyo wanavyoshika," alisema. Kisha, akiwa bado anatazama kioo: "Dada, marubani wenye mashoto wapo?"

Nikamweleza kuhusu kiti cha kapteni. Alinifanya nirudie. Akachukua kalamu, akachora kibanda cha rubani kikitazamwa kutoka juu, viti viwili, wenzo katikati, akaweka alama kwenye kiti cha kushoto. Alichora kwa mkono wa kulia.

Joistiki sijaiuza. Jioni watoto wa jirani huja kujaribu, wengi wao ni wa kulia na inawakubali. Kifyatulio tumekipangia breki za magurudumu. Juzi mmoja aliketi, akaweka kidole pale na kuuliza inapiga risasi ngapi.

"Hiyo ni ya kusimamia," mdogo wangu akamjibu. "Usiiguse hadi tufike chini."