Nukta Sahihi, Jina Lililopotea: Uhakiki wa Jioreferensi ya Ramani Kongwe za Maziwa Tanganyika na Kivu

Ikisiri

Jioreferensi ni kazi ya kuifunga ramani ya karatasi kwenye majira ya nukta, yaani latitudo na longitudo, ili kompyuta iweze kuisoma pamoja na ramani nyingine. Makala haya yanahakiki namna kazi hiyo inavyofanywa kwa ramani za enzi ya ukoloni za Burundi, Rwanda na maeneo jirani. Hoja kuu ni kwamba kosa la mahali hupimwa na kutangazwa, ilhali kosa la jina halipimwi, ingawa mara nyingi jina ndilo linaloamua nukta iwekwe wapi. Kwa mifano ya Kitega, Usumbura, Kisenyi na Shangugu, makala yanaonyesha kwamba zana za kulinganisha majina ambazo hazikubuniwa kwa ajili ya lugha za Kibantu hushindwa palepale ambapo isimu ya Kibantu ina jibu.

Utangulizi

Ramani nyingi kongwe za Afrika Mashariki na Kati zimetoka makabatini na kuingia katika kompyuta. Miongoni mwake ni karatasi za ramani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani kwa skeli ya 1:300,000, zilizochapishwa Berlin na Dietrich Reimer, ambazo zilihusisha pia Urundi na Ruanda za wakati huo. Kwa programu huria kama QGIS, mtafiti aliyeko Bujumbura au Kampala anaweza kuipiga skana karatasi ya namna hiyo, kuifunga kwenye majira yake na kuitandika juu ya picha ya setilaiti. Faida yake kwa historia, mazingira na mipango ya ardhi ni kubwa, na uhakiki huu hauikanushi.

Linalohakikiwa hapa ni mgawanyo wa umakini. Mtaalamu wa ramani hutumia siku nzima kupunguza kosa la mita kadhaa, kisha majina yote ya ramani hiyo huachiwa programu iyalinganishe kwa dakika chache. Mwanaisimu haalikwi, au hualikwa mwishoni kusahihisha tahajia. Makala haya yanadai kwamba nafasi yake ni mwanzoni.

Kinachopimwa na kisichopimwa

Msingi wa jioreferensi ni nukta dhibiti: sehemu zinazotambulika kwenye ramani kongwe na ambazo mahali pake pa leo panajulikana. Programu hutafuta mgeuzo wa kihesabu unaozipeleka nukta za karatasi kwenye nukta za dunia. Mgeuzo wa daraja la kwanza unahitaji angalau nukta 3, wa daraja la pili nukta 6, na wa daraja la tatu nukta 10. Tofauti kati ya mahali ambapo mgeuzo unaipeleka kila nukta na mahali inapostahili kuwa huitwa mabaki. Kutokana na mabaki hayo hukokotolewa kosa la jumla, ambalo huripotiwa kama kipimo cha ubora.

Kipimo hicho kina udanganyifu wake. Anayetumia nukta 3 tu katika daraja la kwanza atapata kosa la sifuri kwa lazima ya hesabu, hata kama nukta zote zimekosewa. Vivyo hivyo, mbinu inayoikunja ramani kama mpira mpaka kila nukta dhibiti ilale kwenye majira yake haina mabaki ya kuonyesha, kwa sababu imeyasambaza makosa kwenye maeneo yasiyo na nukta. Tena, katika skeli ya 1:300,000, milimita 1 ya karatasi ni mita 300 za ardhi. Umbali huo unakaribiana na tofauti inayotokea Kenya, Uganda na Tanzania pale mtu anapochanganya mfumo rejea wa Arc 1960 na WGS84 unaotumiwa na setilaiti za GPS. Ripoti inayojivunia kosa la mita 20 kwa ramani ya aina hii inazungumzia umbali mdogo kuliko unene wa mstari wa kalamu ya mchoraji.

Mambo haya wataalamu wa ramani wanayajua na wanayajadili. Lisilojadiliwa ni swali linalotangulia: nukta dhibiti zilitambuliwaje?

Jina hutangulia nukta

Katika ramani za miji ya leo, nukta dhibiti huwa ni makutano ya barabara au kona ya jengo. Ramani ya mwanzoni mwa karne ya 20 ya nchi za maziwa haina vitu hivyo kwa wingi. Ufuko wa ziwa hupanda na kushuka, na delta ya mto kama Rusizi hubadilika. Kwa hiyo mtafiti hutegemea vituo, masoko na vilima vyenye majina. Husoma jina kwenye karatasi, hulitafuta katika orodha ya majina ya mahali kama GeoNames, huchukua majira yaliyomo, na nukta dhibiti imepatikana. Ikiwa jina limelinganishwa vibaya, kosa la kiisimu limegeuka kuwa kosa la mahali, na hakuna mgeuzo utakaolifichua asili yake.

Tuchukue Kisenyi. Anayetafuta umbo hilohilo, herufi kwa herufi, ataletewa Kisenyi ya Kampala. Mahali palipokusudiwa na ramani ni Gisenyi, kaskazini mwa Ziwa Kivu nchini Rwanda. Mtu anayetazama ramani kwa macho hatakosea kiasi hicho. Programu inayovuna maelfu ya majina kwa mkupuo inaweza kukosea hivyo, na itakosea pia katika majina ya vilima vidogo ambayo hakuna msomaji atakayeyashtukia.

Tofauti ya Kisenyi na Gisenyi haikutokana na uzembe wa karani. Ramani hizo ziliandika majina mengi kwa umbo la Kiswahili, lugha ya misafara, ya askari na ya wakalimani. Ndiyo maana tunakuta Urundi kwa Burundi, Usumbura kwa Bujumbura, Kitega kwa Gitega, na hata Uganda kwa Buganda. Kiambishi cha Kiswahili *u-* kinasimama mahali pa *bu-*. Kiambishi *ki-* kinasimama mahali pa *gi-*, ambayo katika Kirundi na Kinyarwanda ni matokeo ya Kanuni ya Dahl: konsonanti isiyo ghuna ya kiambishi huwa ghuna pale silabi inayofuata inapoanza kwa konsonanti isiyo ghuna. Kwa hiyo *ki-* mbele ya *t* au *s* hutoa Gitega na Gisenyi, lakini Kigali na Kibuye hubaki na *ki-* kwa kuwa *g* na *b* ni ghuna. Luganda haina kanuni hiyo, na ndiyo maana Kisenyi ya Kampala imebaki Kisenyi.

Umuhimu wa maelezo haya kwa mtengeneza ramani ni wa moja kwa moja. Anayeiamuru kompyuta ibadili kila *Ki-* kuwa *Gi-* atazalisha *Gigali*, mahali pasipokuwapo. Anayeiamuru ifuate sharti la konsonanti inayofuata atapata jibu sahihi katika majina yote manne yaliyotajwa.

Zana zinazokosea mahali maalumu

Zana mbili za kulinganisha majina hupatikana kwa urahisi katika mifumo ya hifadhidata kama PostgreSQL. Ya kwanza ni umbali wa Levenshtein, unaohesabu herufi ngapi ziongezwe, ziondolewe au zibadilishwe ili neno moja liwe jingine. Kati ya Kitega na Gitega umbali ni 1. Kati ya Usumbura na Bujumbura ni 2. Lakini kati ya Gitega ya Burundi na Gitesi ya Rwanda, mahali pawili tofauti kabisa, umbali nao ni 2. Kipimo kinachozipa uzito sawa herufi zote hakiwezi kutenganisha badiliko la kiambishi linalotabirika na tofauti ya mzizi inayobadili maana.

Ya pili ni Soundex, iliyopata hataza nchini Marekani mwaka 1918 kwa ajili ya kupanga majina ya watu yanayotamkwa kwa namna ya kufanana. Huihifadhi herufi ya kwanza, huacha irabu, na huzipa konsonanti zinazofuata tarakimu kwa makundi. Tukiitumia kwa majina yetu, Kitega ni K320 na Gitega ni G320. Usumbura ni U251 na Bujumbura ni B251. Kisenyi ni K250 na Gisenyi ni G250. Shangugu ni S522 na Cyangugu ni C522. Katika jozi zote nne tarakimu zinawiana kikamilifu. Kinachozitenga ni herufi ya kwanza pekee, ambayo Soundex huiona kuwa nguzo ya jina. Katika lugha za Kibantu, mwanzo wa jina la mahali mara nyingi ndipo palipo na kiambishi cha ngeli, sehemu inayobadilika zaidi jina linapovuka kutoka lugha moja hadi nyingine.

Upande wa pili wa kosa hilo ni mzito zaidi. Kigoma, bandari ya Tanzania, nayo hutoa K250. Kwa Soundex, basi, Kisenyi na Kigoma ni jina moja, na Kisenyi na Gisenyi ni majina mawili. Zana iliyofanya kazi nzuri kwa majina ya ukoo ya Marekani imeletwa kwetu bila kuulizwa kama mwanzo wa neno una kazi ileile katika lugha zetu.

Gharama kwa umma

Huenda ikasemwa kwamba haya ni mambo ya wanahistoria. Sivyo. Warundi waliokimbia machafuko ya mwaka 1972 waliishi Tanzania kwa miongo kadhaa. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 miongoni mwao na vizazi vyao. Wengine walirejea Burundi, ambako tume ya kushughulikia migogoro ya ardhi na mali iliundwa mwaka 2006. Anayedai shamba la wazazi wake hutaja kilima kwa jina alilolirithi, na huenda hati iliyopo ina tahajia ya enzi nyingine. Ikiwa ramani ya kidijitali imelifuta jina hilo, au imelihamishia kilima kingine, dai lake linakosa pa kusimama.

Majina ya utawala nayo hayatulii. Mwaka 2006 Rwanda ilipanga upya maeneo yake: Butare ikawa Huye, Ruhengeri ikawa Musanze, na jina Rusizi, ambalo ni la mto, likapewa pia wilaya iliyomo Cyangugu ya zamani. Sheria ya Burundi ya mwaka 2023 ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5. Kila mageuzi ya aina hii huacha nyuma takwimu za afya, elimu na mafuriko zilizoandikwa kwa majina ya jana. Mshauri wa sera anayetaka kulinganisha miaka 20 ya takwimu hawezi kufanya hivyo bila daftari linaloonyesha jina lipi lilitumika wapi na tangu lini.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni la heshima ya taifa: kwa nini tuhifadhi Usumbura na Kitega, ilhali nchi zilikwisha kurejesha majina yake? Jibu ni kutenga jina linaloonyeshwa na jina linalohifadhiwa. Juu ya ramani lisomeke Bujumbura. Ndani ya hifadhidata Usumbura liwepo, pamoja na kipindi chake na chanzo chake, kwa kuwa ndilo ufunguo wa nyaraka za kabla ya uhuru.

Pingamizi la pili linamgusa mtafiti wa Kiswahili mwenyewe. Je, kuyapa umuhimu maumbo ya Kiswahili si kuipandisha lugha hii juu ya Kirundi na Kinyarwanda? Hatari hiyo ipo, na inaepukwa kwa kukiri ukweli wa historia: Kiswahili kilikuwa njia ambayo majina yalipitia kufika kwenye karatasi. Kuijua njia hakumfanyi mpita njia kuwa mwenye mji. Kanuni inayoturudisha kutoka Kitega hadi Gitega ni ya Kirundi, na bila wanaisimu wa Kirundi haiwezi kuandikwa ipasavyo.

Hitimisho na mapendekezo

Mapendekezo ni matatu. Kwanza, kila ripoti ya jioreferensi iambatane na jedwali la majina yaliyotumika kuteua nukta dhibiti, lenye safu nne: jina kama lilivyoandikwa, jina la leo, kanuni ya kiisimu iliyoyaunganisha, na kiwango cha uhakika. Pili, idara za Kiswahili na za lugha za Kibantu katika vyuo vikuu vya ukanda huu zishirikiane na wataalamu wa ramani kuandika kilinganishi cha majina kinachotenga kiambishi na mzizi kabla ya kupima tofauti. Kanuni zinazohitajika zimekwisha kuelezwa katika fonolojia ya lugha zetu. Kilichobaki ni kuzigeuza kuwa amri za kompyuta. Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iwakutanishe wahusika wa nchi wanachama ili pawepo daftari la pamoja la majina ya mahali yanayovuka mipaka, kila jina likiwa na lugha yake, tahajia yake na miaka yake.

Ramani ambayo nukta zake ni sahihi na majina yake yamekosewa humpeleka msomaji mahali pasipo pake bila kumpa sababu ya kutilia shaka. Kosa la mita limekwisha kupata kipimo chake. Kosa la jina nalo linastahili kupata chake.