Tajiri Aliyeuawa Nje ya Nyumba Yake

Hadithi ya mauaji kati ya matajiri, kama ilivyostawi Uingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, yataka nyumba kabla ya kutaka muuaji. Katika vitabu vya Agatha Christie, aliyeanza kuchapwa mwaka 1920, mara nyingi nyumba hiyo ni kubwa, ina watumishi na milango ya kufungwa. Wageni wamealikwa, mmoja wao afa, na muuaji hana budi kuwa mmoja wa waliokula naye.

Muhammed Said Abdulla alishinda mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapwa mwaka 1960. Wasomaji wengi walikiona kiko cha Bwana Msa, wakamwona na sahibu yake Najum, wakataja jina la Sherlock Holmes na kudhani kwamba uhakiki umekwisha. Kiko ni kiko tu. Lililo kubwa ni mahali ilipoonekana maiti. Bwana Ali, tajiri mwenye shamba, hakufia sebuleni kwake. Ameonekana mzimuni, mahali pasipo mlango wala ufunguo.

Kwa sababu hiyo orodha ya washukiwa haikufungwa. Yamkini muuaji ni mtu yeyote aliyepita njia ile; na juu ya hao wote wako wafu wenyewe, maana wapo wasadikio kwamba mzimu waweza kuua. Bwana Msa hana budi kuufunga mlango ambao mwandishi ameuacha wazi, na hapo ndipo lugha inapokuwa chombo cha upelelezi. Kiswahili kina maneno mengi ya kumwondolea msemaji dhima ya habari aitoayo: eti, yasemekana, nasikia. Msemaji hakusema uwongo, wala hakuona kitu. Kazi ya mpelelezi wa Unguja ni kulivua kila neno vazi hilo, mpaka lililosikiwa litengane na lililoonwa. Mazungumzo yake ni marefu, na pengine marefu kupita kiasi; lakini anayeyaruka ili afike upesi penye ushahidi atakuwa ameuruka ushahidi wenyewe.

Kitabu kimepata pia uzito ambao mwandishi hakuweza kuukusudia. Miaka minne baada ya kuchapwa kwake, Mapinduzi ya Januari 1964 yaliliondoa tabaka la wenye mashamba makubwa, na baadaye ardhi ikagawiwa watu eka tatu tatu. Abdulla aliendelea kumwandika Bwana Msa, na Kisima cha Giningi kilitoka mwaka 1968. Lakini dunia ya mabwana shamba ilikuwa imekwisha kuwa habari ya jana.

Faraji Katalambulla alipotoa Simu ya Kifo mwaka 1965, mauaji yalivuka bahari yakafika Dar es Salaam. Jina la kitabu latosha kuonyesha mageuzi. Shamba tajiri alijulikana kwa mikarafuu na kwa ukoo wake. Mjini alijulikana kwa vyombo vyake, na simu miaka ile haikuwa chombo cha kila nyumba. Elvis Musiba alipomleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona, mwaka 1974, mpelelezi hakuwa tena jirani wa mtu bali mtumishi wa Serikali mwenye bastola. Haja ya kuketi na bibi kizee na kumwacha aseme mpaka ajikwae ilipungua.

Husemwa kwamba mwendo huo wa haraka ndio mwendo wa mji. Kauli hiyo ni nusu ya kweli. Yafaa kwa maofisi ya bandarini. Haifai ng'ambo ya Mnazi Mmoja. Nyumba ya Kariakoo ya desturi ina ukumbi mmoja katikati, vyumba huku na huku, ua mmoja nyuma na baraza mbele. Mwenye nyumba na wapangaji husikia vikohozi vya wenzao usiku. Mwenye nyumba mwenye fedha akifa humo, kila mpangaji atakuwa amesikia kitu, na kila mmoja ataanza maneno yake kwa "eti". Hapo Christie angepata washukiwa wake waliohesabika, na Bwana Msa angepata baraza yake. Waandishi wa Dar es Salaam waliichukua simu na motakaa, wakaipita nyumba hiyo bila kubisha hodi.