Fundi na Friji Isiyonyamaza

Mjini Garsen, Kenya, hakuna duka linalouza mtambo wa kupasha nyumba joto, wala hakuna atakayeuulizia. Jua la bonde la mto Tana linaifanya kazi hiyo bure, tena kupita kiasi. Lakini ule ugonjwa unaowasumbua watu wa Uingereza, mtambo wa joto kukataa kuzima hata swichi ikigeuzwa, umefika huku kitambo. Umeingia kupitia friji.

Dalili zake zajulikana. Friji ya mama muuza maji baridi inanguruma alfajiri, inanguruma adhuhuri, inanguruma usiku wa manane, na tokeni za stima zinakwisha kabla ya siku zake. Mwenyewe anaishia kuchomoa plagi kila jioni na kuirudisha asubuhi. Kwa hakika amejigeuza themostati.

Fundi wa pupa husikia mngurumo huo akatangaza kuwa kompresa imekwisha. Kompresa inayonguruma haijafa! Fundi mzuri hata begi hafungui kwanza. Anauliza: "Mama, vitu vyote vyashika barafu, au maziwa yachacha?"

Swali hilo moja linaugawa ugonjwa mara mbili. Ikiwa hata nyanya za rafu ya chini zimekuwa mawe, baridi ipo tele, ila amri ya kusimama haifiki. Ikiwa maziwa yachacha, themostati haina kosa lolote: inangoja baridi iliyopangiwa, na baridi haiji. Mafundi wawili wenye vifaa sawa hutenganishwa na kusikiliza jibu la swali hili.

Tuseme ni barafu. Fundi anazungusha kitufe hadi sifuri na kutega sikio. Ndani ya themostati ya kawaida mna mrija mwembamba wa shaba uliofungiwa gesi. Gesi ikipoa hunywea, springi hushinda, na vijichuma viwili vinaachana kwa mlio mdogo, ta! Mlio ukisikika na friji ikanyamaza, uzima upo, na macho yanahamia kwenye ncha ya mrija, ambayo pengine imechomoka pale inapobanwa kwenye bamba la baridi. Ikichomoka hupima hewa ya pembeni iliyo na joto zaidi, na hutoa taarifa ya uongo kwa nia safi kabisa. Friji ikiendelea kunguruma kitufe kikiwa sifuri, ama vijichuma vimeungana kwa cheche za miaka, ama fundi aliyetangulia ameunganisha waya moja kwa moja, akalipwa, akaenda zake. Kule Uingereza nako mara nyingi ni hivyo hivyo: kiswichi kidogo ndani ya vali yenye mota kimekwama, kinaendelea kuiambia boila kuwa nyumba inataka joto.

Wazo la kifaa kujipimia joto na kujirekebisha chenyewe ni la zamani. Mwanzoni mwa karne ya 17 Mholanzi Cornelis Drebbel aliunda tanuri lililojirekebisha moto lenyewe kwa kupanda na kushuka kwa zebaki. Mwaka 1883 Warren Johnson, mwalimu wa jimbo la Wisconsin, Marekani, akapata hataza ya themostati ya umeme ya vyumba.

Upande wa maziwa yaliyochacha una kazi ya mikono zaidi. Noti ya shilingi 50 inawekwa kwenye mpira wa mlango, mlango unafungwa, noti inavutwa: ikitoka bila kukaza, joto la Garsen linaingia hapo mchana kutwa. Koili za nyuma zinapanguswa vumbi. Mafuta yaliyotapakaa kwenye kiungo cha bomba yanaonyesha gesi inapovujia.

Kisha kuna kibandiko ambacho wengi hawakisomi. Herufi N inaonyesha friji iliyoundwa kwa chumba cha nyuzi 16 hadi 32. T inafika 43. Friji ya mtumba yenye N, ikiwekwa chini ya bati Garsen mchana wa Februari, inaweza kunguruma bila kukoma na isiwe na kasoro hata moja. Fundi mkweli atamwambia mwenye mali aisogeze kivulini, aiache ipumue nyuma, basi.

Uchunguzi huu una uzito wa pekee kwenye delta. Malindi, mji wa karibu wenye vipuri, uko zaidi ya kilomita 100, na Tana ukifurika, kama ilivyokuwa Novemba 2023, barabara hukatika. Kuagiza themostati wakati kosa ni mpira wa mlango ni kungoja bure. Na katika kituo cha afya, friji isiyozima yaweza kuwa hatari kuliko iliyozima: chanjo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na zile za pepopunda na homa ya ini aina ya B huharibika zikiganda, bila rangi kubadilika. Muuguzi mwenye shaka huitikisa chupa kando ya nyingine aliyoigandisha makusudi na kuiyeyusha, akaangalia kama mashapo yake yanatua upesi kama ya ile iliyoganda.

Malipo ndiyo shida. Kipuri kipya kinaonekana na kulipiwa bila maneno. Saa nzima ya kuuliza, kutega sikio na kuvuta noti inaitwa "hujafanya kitu, fundi". Baadhi ya mafundi siku hizi hutaja bei ya kuchunguza kabla ya kuvuka kizingiti, na wana haki.