Fundi Anayeanzia Nje

Mvua ikinyesha Minneapolis, Minnesota, mwenye nyumba hukimbilia ndani. Fundi wa besmenti hutoka nje. Huizunguka nyumba polepole, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi, akitazama maji ya paa yanaangukia wapi: kama gata limezibwa na majani, kama bomba la kushushia maji linamwaga hatua moja tu kutoka ukutani, kama udongo umetitia na kufanya kidimbwi kando ya msingi. Mteja amemwita amtengenezee chumba cha watoto kuchezea, na rangi ameshaichagua. Fundi bado hajashuka hata ngazi moja.

Kazi yenyewe huanzia hapo. Kugeuza besmenti, chumba kilicho chini ya nyumba, kuwa mahali pa kuishi ni ufundi ambao sehemu yake kubwa haionekani tena ukuta wa mwisho ukishafungwa. Anayeukadiria kwa zulia na taa za darini amepima ganda, kiini hajakigusa.

Kwa aliyekulia Lamu au Tanga, wazo la kuishi chini ya usawa wa ardhi ni geni. Nyumba za mawe za Lamu hupata nafasi kwa kwenda juu: binti akiolewa, ghorofa huongezwa juu ya ile ya wazazi. Kaskazini mwa Marekani na Kanada nyumba hupata nafasi kwa kwenda chini, na sababu ni baridi. Udongo wenye maji ukiganda huvimba, na uvimbe huo una nguvu ya kuinua nyumba nzima na kuipasua. Kwa hiyo msingi lazima ushuke hadi mahali ambapo barafu haifiki. Sheria ya ujenzi ya Minnesota inataka kina cha sentimita 107 kusini mwa jimbo na 152 kaskazini. Mtu akishachimba kiasi hicho, kuongeza mita nyingine na kupata sakafu nzima si gharama ya kumtisha. Besmenti ilizaliwa na baridi.

Kwa miaka mingi ilikuwa mahali pa tanuri na makaa ya mawe. Makaa yalimiminwa kupitia kidirisha kidogo cha chuma, na vumbi lake likatanda juu ya kila kitu. Mafuta na gesi viliposhika nafasi ya makaa, hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, nafasi kubwa ikabaki wazi chini ya mamilioni ya familia. Katika miaka ya 1950 wazazi waliifunika kwa mbao za msonobari zenye vifundo, wakaweka meza ya mchezo na redio, wakawaachia vijana. Msanifu Frank Lloyd Wright hakuipenda besmenti. Alipojenga nyumba ya familia ya Jacobs huko Madison, Wisconsin, mwaka 1937, alilaza sakafu ya zege juu ya ardhi na kupitisha mabomba ya joto chini yake. Alikuwa gwiji, lakini katika hili fundi wa besmenti ana hoja nzito kuliko yake: giza na unyevu alivyovichukia vina dawa, na dawa hiyo ni kazi iliyofanywa vizuri.

Hesabu ya maji ndiyo inayomtoa fundi nje. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 25 humwaga lita 2,500, zaidi ya simtanki mbili za lita 1,000 zinazosimama nyuma ya nyumba nyingi Dar es Salaam. Maji yote hayo yakiachwa kando ya msingi, ukuta wa zege utayanywa. Tiba ya kwanza ni ya koleo: udongo upewe mteremko wa sentimita 15 katika mita 3 za mwanzo, na bomba la kushushia maji lirefushwe liende mbali. Tiba ya pili huwa chini ya sakafu: mfereji wa kokoto, bomba lenye matundu, na shimo lenye pampu inayojiwasha maji yakipanda. Kuna wauzaji wa rangi ya kuzuia maji ambao humwahidi mteja kwamba mikono miwili ya rangi inatosha. Mkono wa rangi hauwezi kushindana na udongo uliolewa maji ukisukuma kutoka upande wa pili.

Ndipo hushuka. Huja na tochi, na kitu cha kwanza anachokitafuta ni chumvi. Maji yanapopenya zege huyeyusha madini, na yakikauka huyaacha juu ya ukuta kama unga mweupe. Fundi hupitisha kidole, huusugua unga ule kati ya kidole gumba na cha shahada, hutazama umefika urefu gani. Mstari wa unga ni kumbukumbu ya mafuriko ambayo mwenye nyumba ameshayasahau, au aliyemuuzia hakuyataja.

Kisha hukata kipande cha nailoni angavu, ukubwa wa mkeka wa kuswalia, hukibandika ukutani kwa utepe pande zote nne, na huenda zake. Siku mbili nzima hafanyi kitu. Akirudi huinama na kutazama. Matone yakiwa juu ya nailoni, upande wa chumba, maji yametoka hewani na kuwa matone kwenye ubaridi. Yakiwa nyuma yake, yametoka ukutani. Ni magonjwa mawili tofauti yenye dalili moja, na nailoni ya bei ya soda huyatenganisha. Ukimtazama akiinua kona ya ule utepe kwa ukucha, taratibu, unaelewa kwa nini kazi yake hudumu na ya mwingine hunuka kuvu baada ya miaka mitatu.

Kuvu lina historia ndefu chini huko. Kwa miongo kadhaa mafundi walisimamisha mbao, wakajaza sufi ya kioo kati yake, wakafunga karatasi ya nailoni, wakapiga jipsamu. Palionekana pasafi, kumbe ukuta umefungwa mdomo: unyevu wa zege hauna pa kutokea, na hewa ya chumba inayopenya huukuta ubaridi ikageuka umande. Mhandisi wa Kanada Joseph Lstiburek ametumia miaka mingi kueleza kosa hili kwa wajenzi. Siku hizi fundi makini hubandika kwanza mbao nyepesi za povu moja kwa moja kwenye zege, huziba kila kiungo, ndipo husimamisha mbao zake za mbili kwa nne, moja kila baada ya sentimita 40. Ule wa chini kabisa, unaolala sakafuni, ni ubao uliotiwa dawa, wenye rangi ya kijani kibichi iliyofifia, nao haulazwi juu ya zege bila kitandiko cha povu katikati. Kwa pima maji na timazi huhakikisha ukuta wake umenyooka, hata kama ule wa zamani umepinda.

Urefu wa dari ni mtihani mwingine. Kanuni za mfano zinazofuatwa sehemu kubwa ya Marekani hutaka chumba cha kukaa kiwe na angalau sentimita 213, na besmenti nyingi za zamani hazifiki. Hapo hubaki njia moja ya kuogopesha: kuchimba chini ya msingi wenyewe. Toronto, penye nyumba nyingi kongwe za matofali, kazi hii imezoeleka, lakini haikosi kumkausha mtu koo. Huchimbwa kipande cha takriban mita moja, hujazwa zege, husubiriwa likaze. Kisha fundi huruka kwenda kipande cha mbali, kamwe si cha jirani. Nyumba nzima, na waliolala juu, huwa imebebwa na udongo ambao bado haujaguswa. Hakuna haraka inayoruhusiwa katika kazi hiyo.

Kitu kingine kisichoonekana ni radoni, gesi ya mionzi isiyo na harufu inayotokana na urani iliyomo ardhini. Desemba 1984 mhandisi aliyekuwa kwenye ujenzi wa kinu cha nyuklia cha Limerick, Pennsylvania, alikuwa akiviliza ving'ora vya mionzi kila alipopita. Vililia hata alipokuwa anaingia kazini, kabla ya kugusa chochote. Nyumbani kwake walipima takriban pikokyuri 2,700 za radoni kwa lita moja ya hewa. Leo Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani hushauri nyumba ifanyiwe kazi kuanzia pikokyuri 4. Dawa ni bomba lililochomekwa chini ya sakafu na kupandishwa hadi juu ya paa, lenye feni inayofyonza usiku na mchana. Fundi hupima kabla ya kuweka kitanda cha mtu yeyote huko.

Na kitanda hakiwekwi bila dirisha. Kanuni hudai uwazi wa karibu nusu mita ya mraba, na kizingiti kisizidi sentimita 112 kutoka sakafuni. Vipimo hivyo havikuokotwa: mtu aweze kutoka moto ukiwaka, na zimamoto aweze kuingia akiwa na mtungi wa hewa mgongoni. Ukuta wa zege hukatwa kwa msumeno wa almasi, vumbi na maji vikiruka, hadi bamba zima linapoanguka ndani na mwanga wa jua kulala sakafuni ambako haujawahi kufika. Usiku wa tarehe 1 Septemba 2021, mabaki ya kimbunga Ida yalipomwaga milimita 80 kwa saa moja New York, watu 11 walifariki katika makazi ya besmenti jijini humo, mengi yake yakiwa yamegeuzwa bila kibali. Wengi wanaolala chini ni wahamiaji. Waafrika Mashariki wanaofikia kwa ndugu huko ughaibuni nao huzijua ngazi za kushuka. Ndiyo maana fundi anayekataa kupiga jipsamu mpaka dirisha litobolewe anastahili kuheshimiwa, hata mteja akinuna.

Aprili, theluji huyeyuka wakati ardhi ya chini ingali imeganda, na maji hukosa pa kwenda isipokuwa kando ya nyumba. Huo ndio mwezi ambao fundi anayeijali kazi yake hupita kwa mteja wa mwaka jana. Hukaribishwa chai, huambiwa watoto siku hizi hawataki kupanda juu. Yeye huvua viatu, hushuka, huenda moja kwa moja kwenye ile kona nyuma ya kochi palipokuwa na chumvi, na husimama hapo na soksi zake dakika nzima. Kisha hufunua kifuniko cha shimo, humimina ndoo ya maji, na kutega sikio pampu iwake.