Neno "Painstaking" na Matumizi Yake

Maneno ya Kiingereza yatupotezayo si yale marefu tu. Liko neno painstaking, ambalo mara nyingi twalisikia likisomwa shuleni kana kwamba limeungwa kwa pain na staking. Mwenye kulikata hivyo huona maumivu upande huu, na upande wa pili mambo za kujengea ua, maana haioni. Neno hili hukatwa baada ya herufi s, nayo s hiyo hutamkwa kama z: pains, kisha taking. Ndiyo kusema, kujitwalia taabu.

Pain lilitoka Kilatini, katika neno lenye maana ya adhabu, likapita kwa Wafaransa hata likafika Uingereza. Lakini pains, likiwa katika wingi, tangu zamani lina maana ya taabu ya kazi. Katika karne ya 17 Waingereza waliweza kumsifu mhubiri kwa kumwita painful, nao hawakukusudia kwamba mahubiri yake yaliwaumiza wasikiaji (ingawa yamkini wengine yaliwaumiza), bali kwamba alijitaabisha katika kuyatengeneza. Leo sifa hiyo haisemwi tena. Painstaking ndilo lililobaki.

Basi tulifasirije? Wako wanaoandika "mwenye kujiumiza". Hilo ni kosa tupu, maana mzazi akilisoma katika barua ya shule atadhani mwanawe amejikata kwa kisu. Wengine huandika "mwenye bidii", nalo halitoshi. Mtu aweza kupalilia kwa bidii nyingi, akakata mahindi pamoja na magugu, akamaliza shamba kabla ya adhuhuri. "Mwangalifu" nalo lina upungufu, kwa kuwa mtu aweza kuangalia sana asichoke hata kidogo. Katika painstaking mambo mawili hukaa pamoja, taabu na uangalifu, tena ile taabu mtu ameitaka mwenyewe. Kwa maoni yetu "mwenye kujitaabisha kwa uangalifu" ni refu, lakini ni kweli.

Tazameni kazi ya Samuel Johnson wa London. Mwaka 1746 alipatana na wauza vitabu kuwatungia kamusi ya Kiingereza, akidhani miaka 3 itatosha. Alisoma vitabu vingi, akatia alama kila sentensi iliyomfaa, na makarani wake 6 wakazinakili katika vipande vya karatasi. Kamusi ilitoka mwaka 1755, ina maneno zaidi ya 42,000, na sentensi za mifano zaidi ya 100,000. Kazi ya namna hiyo yastahili kuitwa painstaking. Lakini magazeti ya Kiingereza hulibandika neno hili juu ya kila uchunguzi, hata ule uliofanywa kwa siku moja, na kwa hiyo uzito wake wapungua.

Liko jambo jingine, nalo latuhuzunisha zaidi. Walimu wengine huliandika katika taarifa ya mtoto wanapomwona mzito wa akili, wakitafuta neno la upole la kuficha hukumu hiyo. Mtoto mwepesi huandikiwa kwamba ana akili. Yule wa pili huandikiwa painstaking, na wajuao desturi hiyo huelewa kwamba hatarajiwi makubwa. Huko ni kuligeuza neno zuri kuwa pazia. Johnson hakuwa mzito wa akili, naye alijitaabisha miaka 9. Kujitaabisha si dawa ya wasio na akili; wenye akili nao huihitaji, na pengine kuliko wengine, kwa kuwa wepesi wao huwadanganya kwamba kazi imekwisha.

Sisi twaona afadhali mwalimu aliache neno hili, ila ameona kazi yenyewe kwa macho yake; na akiisha kuiona, aandike alichokiona: kwamba mtoto huyu hurudia hesabu zake mpaka zipatane, wala hakuna aliyemwamuru.